Baba wa Mashineni, Darasa Bado

Ni mwaka mmoja sasa tangu mlango wa kabati la vyombo uache kubamizwa gizani.

Kila alfajiri, Baba, kabla hata majirani hawajakohoa, tulikuwa tunausikia: baa! Kisha sufuria ikiburutwa jikoni, kisha kijiko kikianguka, kisha kandambili zako zikikokota sakafu hadi mlangoni. Wewe ulikuwa unanyata. Ulituapia kwamba unanyata. Ulitembea kwa ncha za vidole kama mwizi mwenye adabu zake, usije ukamwamsha mtu, na huku nyumba nzima imekodoa macho kitandani. Mama alikuwa anavuta shuka hadi kichwani na kusema, "Baba yenu ananyata tena. Mtaa mzima umeshaamka."

Kuna siku mdogo wangu alijitoa mhanga akakuambia. Ukashangaa kweli. "Kelele kubwa kiasi gani?" ukamuuliza. Akapiga ngumi mezani ili uihisi kwa kiganja. Ukatikisa kichwa: "Hiyo? Hiyo ndogo." Kesho yake kabati likabamizwa vilevile.

Siku hizi alfajiri iko kimya, na sisi bado tunaamka saa ile ile. Tunalala macho wazi, kila mtu chumbani kwake, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba yuko macho.

Watakaosoma haya na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, kabla hujajifunza hata kumwita mama yako. Na wajue kwamba maisha yako yote ya kazi uliyamalizia kwenye mashine ya kusaga nafaka, ile iliyo nyuma ya soko, yenye mlango wa mabati na unga kwenye kila utando wa buibui. Injini ilinguruma kiasi kwamba mtu alimpigia mwenzake kelele sikioni na bado akaambiwa, "Eh?" Kila aliyevuka kizingiti kile aligeuka kiziwi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na lugha mle ndani.

Ndiyo maana wateja wako walijifunza. Kina mama waliokuja na ndoo zao walijua kusema kwa mikono "laini", "chenga", "koboa kwanza", "ngoja zamu yako" na "huyu ameruka foleni". Hiyo ya mwisho waliijua kuliko zote. Mshona nguo wa jirani alikuwa akisema foleni yako ndiyo foleni pekee mjini ambayo watu hugombana mpaka mikono ikachoka, na mpita njia asijue kuna ugomvi.

Jina lako la alama lilikuwa vidole viwili vikipangusa unga begani. Watoto wa mtaa walikuita hivyo wakiwa mbali, upande wa pili wa barabara, nawe ukawajibu kila mmoja kwa jina lake: huyu mwenye pengo, yule mwenye shimo shavuni, yule anayependa kukimbia.

Na mume wangu, Baba, unamkumbuka siku alipokuja kuniposa? Alikuwa amekataa katakata nimtafsirie. "Jambo la mwanamume, nitasema mwenyewe," aliniambia. Lakini alama alizozijua ni zile za foleni tu. Akasimama mbele yako, amevaa soksi za kuazima, jasho linamtoka, akakuambia kwa mikono, "Naomba kilo moja ya binti yako." Ulimtazama kwa uso mkavu mpaka akataka kukimbia. Kisha ukamjibu polepole ili aelewe, "Huyu sipimi kwa kilo. Chukua gunia zima." Hadi leo mafundi bomba wenzake wanamwita Kilo Moja, na yeye anaitika.

Ulikuwa mbishi, tusikufiche. Mama akichoka na ubishi wako alikuwa anazima taa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukukata kauli. Tukiwa wadogo tulisikia swichi, kisha kimya, kisha Mama akicheka peke yake, na wewe ukipapasa ukuta ili uwashe umalizie hoja yako. Ukishawasha, unakuta amefumba macho.

Kisha nikajifungua pacha, wasichana wawili. Ni wewe uliyewabandika majina tunayowaita. Yule ambaye mdomo wake haukutulia ukamwita Kasuku. Na yule ambaye alipolia kifuani pako ulimhisi mbavuni kama injini inayowashwa, huyo ukamwita Ngurumo.

Wewe ndiye uliyejua kabla yetu sote. Kifuniko cha sufuria kilianguka, Kasuku akaruka na kuangua kilio, Ngurumo akaendelea kunyonya. Ulisubiri mpaka daktari wa masikio aliposema mwenyewe kwamba Ngurumo hasikii. Ndugu wakaja wakiwa na nyuso za msibani. Shangazi akasema, "Poleni sana." Ukamwangalia, ukaniambia nimtafsirie: "Pole ya nini? Nani amekufa?"

Lakini jioni ile nilikukuta nyuma ya nyumba, umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yanatiririka. Ukaniambia jambo ambalo hukuwahi kutuambia. Kwamba ulipelekwa shule ya bweni ya viziwi ukiwa mdogo sana, mbali, safari ya kulala njiani, na hakuna aliyeweza kukueleza unapelekwa wapi kwa sababu kwenu hakuna aliyejua kuongea kwa mikono. Siku chache kabla ulikuwa umevunja mtungi wa maji. Ukadhani umetupwa kwa sababu ya mtungi.

Shule ile hukuisema vibaya hata siku moja. Huko ndiko ulikopata lugha, marafiki na ufundi. Ila uliporudi likizo ulikuwa umejaa maneno na nyumbani hakukuwa na wa kuyaona. Bibi alikupikia kama anayepikia mgeni. Alikaa mbele yako akikutazama ukila, akatabasamu, nawe ukatabasamu. "Tulitabasamiana hivyo mpaka akafa," uliniambia. "Sijui mama yangu alikuwa mtu wa namna gani."

Ukafuta uso kwa shati. Ukasema, "Huyu asipelekwe. Asome hapa hapa na dada yake, jioni arudi kula kwao."

Basi ombi lako lilianzia juu ya ndoo ile. Darasa moja. Shule ya msingi iko mwisho wa barabara yetu, ukisimama dirishani unaona paa lake. Chumba kimoja, mwalimu mmoja anayejua lugha ya alama, na watoto viziwi wa mtaa huu na wa mitaa ya jirani, ambao wengine walikuwa wanafungiwa ndani na wengine wanapelekwa kule kule ulikopelekwa wewe. Hukuomba jengo. Hukuomba makubwa.

Ukaunda kamati: wewe, kinyozi, fundi viatu, na mama muuza mitumba, viziwi wote wanne. Mlikutana Jumapili mashineni, injini ikiwa imezimwa, mmekaa duara juu ya magunia ili kila mmoja amwone mwenzake. Mimi nilikuwa mkalimani wenu, kwa sababu serikali ilisema haina mkalimani, na nilijua kuongea nawe kwa mikono kabla sijajua kuongea na mtu mwingine yeyote kwa mdomo.

Mara ya kwanza kwa afisa elimu, yeye alinigeukia mimi.

"Mwambie baba yako ombi lake tumelipokea."

Ukagonga meza kwa kidole. "Niambie mimi. Niko hapa."

"Sasa nitakuambiaje, mzee, na husikii?"

"Nitazame, kisha useme. Huyu binti ni mdomo tu. Hana ombi, hana maoni. Ukimuuliza yeye ni sawa na kuiuliza redio."

Afisa akacheka. "Haya, mzee. Lakini redio yako imeninunia."

"Uso ni wake. Maneno ni yangu."

Na uliwafundisha wote, ofisi hadi ofisi. Usipomtazama kiziwi usoni, humsemeshi. Mkalimani hasemi lake. Ulilirudia hilo mpaka walinzi wa getini wakalijua, wakawa wanakusalimia wewe kwanza, wanakutazama machoni, na mimi wananipita kama mwavuli wako. Ulifurahi mno. Njiani ukaniambia, "Umeona? Wanafundishika."

Kisha ikaja siku ya kikao cha baraza, ambapo ombi la darasa liliwekwa kwenye ajenda. Ulijiandaa kwa juma zima mbele ya kioo. Ulivaa shati la bluu iliyoiva, la rangi moja, ili mikono ionekane vizuri. Mimi ulinikataza gauni langu la maua: "Watu watasoma maua, hawatanisoma mimi." Mlangoni tukaacha simu zetu kwenye kapu, kama ilivyo sheria ya ukumbi ule, nanyi wanne mkakaa mstari wa mbele, mgongo wima, kama watoto siku ya kwanza shuleni.

Waheshimiwa walichelewa kufika, kisha walichelewa kuanza. Jua likazama kabla zamu yetu haijafika. Na ilipokuwa inakaribia, umeme ukakatika.

Ukumbi ukawa mweusi kama ndani ya gunia.

"Jenereta iko wapi?" mtu akauliza.

"Ipo, ila haina mafuta," mwingine akajibu, na watu wakacheka.

"Mwenyekiti, tuendelee tu. Si tunasikiana?"

"Tunasikiana!" wakaitikia.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, tafadhali, tusubiri taa. Wenye ombi hawaoni mikono yangu."

"Nani huyo?"

"Mkalimani."

"Dada yangu, mkalimani hana hoja hapa. Mzee mwenyewe ametufundisha: wewe ni mdomo tu. Sisi tunataka tumsikie yeye." Wakacheka tena. Hakikuwa kicheko kibaya, Baba. Kilikuwa kicheko cha watu wenye njaa wanaotaka kwenda nyumbani. "Haya, wahusika wa ajenda ya darasa la viziwi. Mna la kusema?"

Nilikaa nikakushika mkono. Nikaufungua, nikajaribu kuchora maneno kwenye kiganja chako kwa kidole, lakini hatukuwahi kuwa na lugha ya namna hiyo. Nikauminya. Ukauminya na wewe. Ukadhani naogopa giza. Ukaanza kunipapasa mgongo, taratibu, kama ulivyokuwa unanibembeleza nikiwa mdogo.

Mtu akakohoa.

"Hawana la kusema," akasema mwenyekiti. "Basi ombi lirudishwe ofisini, lisubiri bajeti nyingine. Ajenda inayofuata, mitaro ya soko."

Nikapiga kelele. Nilisema, "Hawajui kwamba mnawauliza!" Sauti fulani ikasema nitolewe nje, nyingine ikasema niachwe. Wewe uliendelea kunipapasa mgongo.

Umeme uliporudi walikuwa wameshafika mbali na mitaro yao. Nilikutazama. Ulikuwa umekaa wima vilevile, na kinyozi, na fundi viatu, na mama muuza mitumba, wote mmeweka mikono magotini, mnasubiri kwa adabu. Kwenu nyinyi giza likiingia mazungumzo husimama. Hakuna mtu anayemtangulia mwenzake gizani. Halikuwahi kukupitia akilini, wala halikuwapitia wenzako, kwamba watu wazima wanaweza kukaa wasionane nyuso na bado wakaamua jambo. Ulidhani ukumbi mzima ulikuwa unasubiri taa pamoja nanyi.

Kwa hiyo ulisimama. Ukanyoosha kola. Ukatabasamu, ukaanza: "Waheshimiwa, asanteni kwa subira yenu."

Niliitoa sentensi ile kwa sauti, Baba. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ukumbi mzima ukageuka kututazama.

"Mzee," mwenyekiti akasema, na alikutazama machoni kabisa, kama ulivyowafundisha, "ajenda yako imepita."

Nikakutafsiria. Ukaniuliza, "Amesema nini?" Nikarudia. Ukauliza, "Imepita lini?" Nikakuambia, "Gizani."

Ulitazama juu kwenye taa. Kisha ukanitazama. Mikono yako ikainuka, ikabaki hewani, haikusema kitu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuiona mikono yako ikikosa neno.

Hukukata tamaa palepale, sitaki watu wafikiri hivyo. Ulirudi ofisini, ukaambiwa ombi lianze upya. Ukalianza upya. Ukanunua tochi, ukaifunga kamba, ukaivaa shingoni kila ulipokwenda kwenye ofisi ya serikali, hata saa sita mchana jua likiwaka. Walinzi walikutania, "Mzee, unawinda?" Ukawajibu, "Ndiyo. Nawinda kikao." Lakini nilikuona ukirudi nyumbani. Zamani ukirudi ulikuwa unasimulia tangu getini, mikono inakutangulia. Sasa ulikuwa unavua tochi, unaitundika kwenye msumari, unakaa.

Na kifua kikaanza kukubana. Daktari alisema ni unga, miaka yote ile ya kuvuta vumbi la unga. Mama alisema, "Unga pamoja na watu." Sikumbishia.

Hospitali walikuwekea dripu kwenye mkono wa kulia, wakaufunga kwenye ubao usitikisike. Hawakuwa na nia mbaya. Ila wewe uliongea kwa mkono huo. Ulibaki na wa kushoto, ukawa unasema kama mtu mwenye kigugumizi, nusu nusu, alama zinakatika. Nilimfuata muuguzi wa zamu, nikamwambia, "Dada, baba yangu mmemfunga mdomo." Akashtuka. Akaja mwenyewe, akaihamishia dripu mguuni, akakuomba radhi akikutazama usoni, bila kufundishwa na mtu. Popote alipo, muuguzi yule, Mungu amlinde.

Mkono ulipofunguliwa ulimwita Ngurumo kwanza. Mkaongea mambo yenu, mkiwa mmenipa kisogo, sikuingilia. Kisha ukanigeukia mimi, ukauliza neno moja.

"Darasa?"

Nikakujibu, "Bado."

Ukairudia alama yangu, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Bado. Ukafumba macho, na usiku ule ule ukatutoka.

Sasa ni mwaka, Baba, na jibu ni lile lile. Afisa elimu ni mwingine. Tulikwenda mimi na mama muuza mitumba, kwa sababu fundi viatu amechoka, na kinyozi amehama, anasema hataki tena kusikia habari za serikali, anasema hivyo kwa mikono yote miwili. Afisa huyu mpya ni mtu mpole. Alitukalisha vizuri. Akasema, "Mama, darasa hapa halitakuwepo, siwezi kukudanganya. Lakini nimempatia mwanao nafasi shule ya bweni. Ukiikataa atapewa mwingine, na wako atakaa nyumbani." Nilimuuliza atakaa nyumbani mpaka lini. Akatazama dirishani.

Tumelizungumza nyumbani mpaka maneno yakatuishia. Kilo Moja anasema asiende. Kisha anasema asipokwenda hatajua kusoma, na atakuja kutuuliza kwa nini. Mimi nimesema aende. Nimelisema mimi, kwa sababu ilibidi mtu aliseme.

Kasuku ameandikishwa shule ya mwisho wa barabara, sare yake imeshashonwa. Sanduku la Ngurumo liko mlangoni: blanketi, sahani, mswaki, viatu vikubwa kidogo ili vimfae muda mrefu. Gari linakuja Jumatatu.

Hajavunja mtungi, Baba. Nimemweleza kila kitu kwa mikono yangu, nimemchorea njia, nimemwonyesha picha ya mabweni, nimemwambia likizo ni lini na kwamba atatukuta sote tunaongea lugha yake. Wewe hukuelezwa. Yeye ameelewa yote, neno kwa neno. Ndiyo maana analia.

Naendelea na masomo ya jioni uliyonilazimisha kuanza, wakati nilipokuambia nimeshakuwa mkubwa mno kukaa dawatini ukaniuliza dawati lina umri gani. Mtihani wa kidato cha nne nimefaulu. Nikimaliza kinachofuata nitaomba chuo cha ualimu, nisomee kufundisha viziwi, na siku moja nitaingia kwenye chumba kimoja cha shule ile na kukifungua mimi mwenyewe. Hilo naliamini, huwa naliamini zaidi nikiwa njiani kurudi kutoka darasani, vitabu kwapani. Kisha nafika nyumbani nalikuta sanduku mlangoni, na najua kwamba siku hiyo ikifika Ngurumo atakuwa mtu mzima. Darasa lake halitakuwa lake. Litakuwa la mtoto wa mwingine.

Mashineni ameletwa kijana anayesikia. Mchapakazi, hatumlaumu. Lakini kina mama wameanza kupiga kelele tena kwenye foleni, na alama zinawatoka mikononi moja moja. Juzi nilimwambia mmoja kwa mkono, "laini". Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka wimbo.

Sitaki kumalizia kwa uongo kwamba tumezoea. Hatujazoea. Tumechoka, na tunakuhitaji wiki hii kuliko wiki nyingine zote za mwaka huu.

Unakumbukwa na mke wako, uliyebishana naye maisha yako yote. Unakumbukwa nami binti yako, na mkweo Kilo Moja, na mwanao wa kiume anayekuja kila Jumapili kukata nyasi za kaburi lako. Unakumbukwa na shangazi, na kinyozi huko alikohamia, na fundi viatu, na mama muuza mitumba ambaye bado anavaa shati la rangi moja kila tunapokwenda ofisini. Unakumbukwa na foleni nzima ya mashineni. Unakumbukwa na wajukuu wako wawili. Maadamu kuna mkono mmoja katika ukoo huu unaoweza kuinuka, utakuwa unakutaja.

Tulikaa mezani sote kuandika haya, na kila mtu alisema lake. Mdogo wangu alisema nikuombee pumziko jema. Zamu ya Kilo Moja ilipofika, alitoka nje kidogo. Mama alisema, "Mwambie nimechoka."

Tulipofika kwa watoto nilikuwa nimeinamia karatasi, sioni vizuri kwa machozi. Ngurumo akainua mikono yake, akakuambia la kwake. Na Kasuku, akimtazama pacha wake upande wa pili wa meza, akalitoa kwa sauti ili na mimi nisikie:

"Babu, mimi sitaki kwenda."